Tonge kwa Waya wa Breki

Arusha, 14 Novemba 2024

Mume wangu Uweso bin Tahiri,

Shikamoo. Usinune kwa kuwa nimetanguliza utani kabla ya amkio. Mke mdogo ana ruhusa zake. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanitafuta. Nakuandikia kwa sababu juzi kwenye simu nilikuuliza habari za mkono ukanijibu habari za mvua, tena kwa sauti, mpaka bweni zima likajua kuwa Ngamiani kumenyesha. Masikio yako yamestaafu, Babu. Tuandikiane.

Boksi hili atakuletea Rahimu, kondakta wa basi la Tanga. Ndani mna glavu ya mkono wa kulia. Kila kidole kina waya wake, waya uleule wa breki ya baiskeli unaoujua, ndani ya ganda lake. Nyaya zinapanda mkononi mpaka begani, zinashuka ubavuni mpaka kwenye kiboksi cha kufunga kiunoni. Humo mna mota tano ndogo na kompyuta inayotosha kiganjani. Ukibonyeza swichi kwa mkono wa kushoto, mota zinavuta na vidole vinafumba. Ukibonyeza tena, zinalegeza. Hiyo ni roboti, Babu, hata kama inafanana na soksi.

Shida yangu ni hesabu. Kompyuta inadhani waya ni fimbo: mota ikivuta sentimita moja, kidole nacho kisogee sentimita moja. Lakini waya unanyumbuka, ganda linajikunja, na kila kona inakula nguvu kidogo. Mwalimu wangu hapa chuoni, Castory, anasema roboti ya vyuma vigumu haimsumbui mtu sana. Ya nyaya zinazonyumbuka ndiyo inayomtoa jasho, maana kompyuta lazima ikisie kitu isichokiona. Nikamwambia nina mtu aliyeishi na nyaya za breki miaka arobaini, Januari mwaka huu kiharusi kikampitia mkono wa kulia, na ninataka mkono ule ufanye kazi tena. Akasema basi nimeshapata mwalimu wa pili.

Kwa hiyo kazi ni hii. Mara tatu kwa siku vaa glavu, shika spana ya kumi na tano, hesabu mpaka ishirini, achia. Andika kwenye jedwali nililokuchorea kama imeshikika au imeanguka. Na uniambie ukweli: mkono huu ukirudi, unataka ukufanyie nini kwanza? Nitapima hesabu zangu kwa hicho.

Mkeo mdogo,
Najat

*

Ngamiani, Tanga, 26 Novemba 2024

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala chali. Zisome hivyohivyo, usizitikise.

Glavu nimeivaa. Bibi yako Kijakazi alipoona vidole vinafumba vyenyewe alisoma Ayatul Kursiy mpaka mwisho, kisha akauliza kama kifaa hiki kinaweza kukuna nazi. Nimemwambia asubiri.

Sasa nisikilize mimi mwalimu wako wa pili. Waya mpya ni mwongo. Ukiufunga leo ukaukaza vizuri, kesho umelegea, na haukukatika, umenyooka tu. Fundi mwenye akili hauvishi siku hiyohiyo. Anauning'iniza na tofali kutwa nzima, unyooke uchoke, ndipo anaukata kwa kipimo. Wewe umenivisha nyaya zilizotoka dukani jana. Ndiyo maana kwenye jedwali lako siku ya kwanza spana imeshikika na siku ya nne imeniangukia kidole cha mguu. Kidole kipo. Jambo la pili, ganda halipendi kona kali. Likikunjwa sana, unavuta huku, kule hakufiki kitu. Tatu, hewa ya huku ina chumvi. Tia grisi, si mafuta ya cherehani.

Umeniuliza nataka nini kwanza. Nataka spana. Badru amenikalia mezani pangu pa kutengenezea baiskeli, na ingawa ni mwanangu na ni baba yako mdogo nitasema: anafunga nati kama mtu anayenyonga kuku. Nikishika spana yangu nitakuwa sina neno na mtu.

Mumeo,
Uweso

*

Ngamiani, 3 Desemba 2024

Mke mwenzangu Najat,

Nakuandikia kwa siri, na barua hii nimempa Rahimu mkononi mwake. Ukimaliza kuisoma ichane.

Mume wetu hataki spana. Tangu apate kiharusi anakula chumbani peke yake, mlango umerudishwa, kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto. Mimi mkewe wa miaka arobaini na sita siingii mpaka aniite nikatoe vyombo. Unamjua alivyo. Mkono wa kushoto kwake una kazi zake, na kula si mojawapo. Sheikh alikuja akamwambia mgonjwa hana lawama. Akamjibu kwamba analijua hilo, na bado hawezi kula hivyo mbele ya watu.

Ramadhani iliyopita ndiyo iliyoniumiza. Wanaume wa mtaa wetu wanafuturu barazani kwa Yasini, ng'ambo ya njia, kila nyumba inatoa sinia yake, wanakaa wanne wanne kwenye mkeka. Miaka yote mume wetu alikaa sinia moja na Yasini. Safari ile Yasini alikuja kumwita siku tatu, na siku zote tatu akaambiwa tumbo linauma. Siku ya nne hakuja tena. Mwezi mzima mume wetu alikaa nyuma ya dirisha la chumbani akisikiliza wenzake wakila. Mimi nilikuwa ukumbini namsikia akisikiliza.

Sasa juzi niliifuta ile glavu yako kwa kitambaa nikakuta punje za wali kwenye mshono wa kidole gumba. Spana haina wali, mwanangu. Anajifundisha kula tonge kule ndani, na haliwezi. Nimeokota matonge yaliyovunjika chini ya kitanda.

Ramadhani inakuja Machi. Akikaa chumbani mwaka huu tena, najua hatatoka kamwe. Usimwambie kuwa nimekwambia. Mwanamume kumwambia mjukuu wake wa kike kuwa hawezi kujilisha ni kitu kizito, spana inaombeka.

Mke mwenzio mkubwa,
Kijakazi

*

Arusha, 12 Desemba 2024

Bibi yangu, mke mwenza mwenye nyumba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikalia mpaka Devota akadhani nimefiwa. Devota ni mwenzangu wa chumba, mtoto wa Muheza, wazee wake walitoka bara kuja kukata mkonge. Nilipomweleza akaniuliza, sasa unalia nini, si ubadilishe hesabu?

Kweli. Kushika spana na kushika tonge ni vitu viwili. Spana ni ngumu, haijali ukiibana kupita kiasi. Tonge ukilibana linavuja, ukililegeza linamwagika. Halafu kuna gumba. Nimemkodolea macho Devota akila ugali mpaka akanigeuzia mgongo: vidole vitatu vinakusanya, gumba linabonyeza, na tonge likifika mdomoni gumba ndilo linalolisukuma liingie. Na waya hausukumi, Bibi. Waya unavuta tu. Ili gumba lisukume, lazima nilivute kutoka upande wa pili kwa waya mwingine, na kompyuta ijue nyaya zote mbili zimenyumbuka kiasi gani kwa wakati mmoja. Hapo ndipo ninapokwama, lakini nitajikwamua.

Nahitaji kipimo. Tonge lake lilikuwa na ukubwa gani? Nami siri yako nitaitunza. Nitamwambia nimebadilisha kwa ajili ya spana ndogo.

Mke mwenzio,
Najat

*

Ngamiani, 20 Desemba 2024

Mke mwenzangu,

Ndani ya kopo hili mna donge la unga wa ngano nililolifinyanga nikalikausha juani. Hilo ndilo tonge lake, kwa wali. La ugali ongeza kidogo. Nimekula naye miaka arobaini na sita, nalijua kuliko ninavyoijua pete yangu. Likipasuka njiani usiligundishe kwa gundi, niambie nifinyange jingine.

Kijakazi

*

Arusha, 20 Januari 2025

Mume wangu,

Shikamoo. Nakuletea glavu ya pili. Nyaya nimezining'iniza na tofali kutwa mbili kama ulivyonifundisha, na Mwalimu Castory aliponiuliza mbinu hiyo inapatikana kitabu gani nikamwambia kitabu chenyewe kiko Ngamiani na hakisikii vizuri.

Nimebadilisha mambo kidogo kwa ajili ya spana ndogo. Gumba sasa lina nyaya mbili. Ncha za vidole nimeziacha wazi, umebaki na pete za ngozi tu, kwa sababu ya jasho la Tanga. Unaweza hata kunawa mkono ukiwa umeivaa, kama ikitokea umeshika grisi. Jaribu kama kawaida, ukae pale mezani kwako kwenye stuli, uandike.

Mkeo,
Najat

*

Ngamiani, 4 Februari 2025

Mke wangu mdogo,

Spana ndogo imeshikika. Jedwali hilo hapo, siku kumi hakuna kilichoanguka. Badru ameona, akaanza kufunga nati kwa adabu.

Zile ncha za vidole umefanya vizuri kuziacha wazi. Fundi mzuri hufikiria jasho. Kuna mahali nilikaza kidogo, mambo ya kawaida ya fundi, hayana haja ya kuingia kwenye jedwali lako.

Usitume nyingine. Hii inatosha. Nina shughuli nayo mwezi ujao.

Mumeo,
Uweso

*

Ngamiani, 5 Machi 2025

Najat,

Sijui nianze kukukasirikia wewe au nijikasirikie mimi, kwa hiyo nakueleza tu yaliyotokea.

Jana, funga ya tatu, mume wetu alioga mapema, akavaa kanzu, akavaa na ile glavu yako chini ya mkono wa kanzu. Hakuniambia kitu. Ilipokaribia magharibi akafungua mlango wa mbele akavuka njia mpaka barazani kwa Yasini. Mimi nilisimama ukumbini na bakuli la uji mkononi nikashindwa hata kuliweka chini. Mwaka mzima sijamwona akivuka njia ile.

Wakampisha. Yasini akasogea mkekani kama vile alikuwa amemwacha jana. Wakafungua kwa tende, hiyo aliipeleka mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe vya kulia, ikaenda. Sinia ikawekwa, mihogo ya nazi na samaki. Akachukua kipande cha mhogo. Badru alikuwa pale, ndiye aliyenisimulia. Anasema mkono ulifumba, ukaendelea kufumba. Mhogo ukapondeka ukatokea kati ya vidole. Akabonyeza swichi uachie, haukuachia. Akabonyeza tena na tena. Tui likamtiririka mpaka kwenye kiwiko, likaingia kwenye kanzu. Wenzake wote wakatazama chini, na Yasini akaanza kusimulia habari za mpira, yeye ambaye hajui hata timu zinazocheza. Mume wetu akainuka na ngumi yake ile imefumba, akarudi nyumbani.

Alikata nyaya zote kwa plaizi, moja moja, kwa mkono wa kushoto. Nimezikusanya, zimo humu ndani ya boksi pamoja na glavu yenyewe. Futari ya leo ameniambia nimpelekee chumbani.

Kijakazi

*

Arusha, 8 Machi 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Nimepokea nyaya. Sitaki ukae chumbani ukidhani kosa ni la mkono wako, kwa hiyo nakuambia kila kitu, na ukitaka kunikasirikia nikasirikie mimi, usimguse Bibi.

Nilijua. Tangu Desemba nilijua kuwa hutaki spana. Ile glavu ya pili niliipima kwa tonge, si kwa spana ndogo. Spana ndogo nilikudanganya. Waya wa gumba niliufupisha milimita nne ili ulifikie tonge, kwa sababu tonge hushikwa kwa ncha za vidole, si kiganjani kama spana, nikaona nikikuambia utaona aibu. Nikaona bora ugundue mwenyewe kuwa mkono unaweza. Sasa nimekuaibisha mbele ya watu ambao ulikuwa unawakimbia mwaka mzima, na sijui nitakuombaje radhi kwa barua.

Kitu kimoja tu sikielewi. Milimita nne haziwezi kuponda mhogo. Nimefanya hesabu mara saba, Devota amezifanya na yeye. Kwa milimita nne gumba linagusa tonge na kutulia. Ulikaza nini, Babu? Ile ya "mambo ya kawaida ya fundi", ilikuwa nini?

Mjukuu wako,
Najat

*

Ngamiani, 11 Machi 2025

Najat,

Leo sikuiti mke. Utani una siku zake.

Nilikasirika. Nilikasirika na bibi yako mpaka akahamia ukumbini na mto wake, halafu nikaona nyumba haina maana nikamwambia arudi. Nilikukasirikia na wewe. Mzee wa miaka sabini na mbili kujadiliwa kwenye barua na wanawake wawili kuhusu anavyokula, hilo haliwezi kumpendeza. Na lile donge la unga nimeambiwa pia.

Lakini umeuliza swali la fundi, na fundi lazima ajibiwe. Pale waya wa gumba unapoingia kwenye pete kuna nati ya kukazia, kama ile ya kwenye breki. Nilikuwa najaribu kwa wali chumbani, tangu glavu ya kwanza, na gumba lilikuwa halifiki. Glavu ya pili ilipokuja sikujaribu kwanza. Nilijua la kufanya, nikaizungusha nati mizunguko minne. Kila mzunguko ni milimita moja hivi. Halafu kule mezani na spana nikaona inashika kwa nguvu, nikafurahi, kwa kuwa spana hailalamiki, na kwa wali sikujaribu tena.

Kwa hiyo wewe ulikaza nne kwa siri, na mimi nikakaza nne kwa siri, kwenye waya mmoja. Kila mmoja wetu alipima sawasawa. Dukani kwangu mafundi wawili wakishika baiskeli moja, wa kwanza husema kwa sauti, nimekaza nyuma. Nimewatimua vijana wawili kazini kwa kutosema. Sisi tumenyamaziana kwa kustahiana mpaka tukafumba mkono wa mtu.

Hiyo ni sababu ya kuponda. Ya kutoachia ni nyingine, nimeitafuta siku tatu nimeipata. Wewe umenipima kwenye stuli. Barazani hatukai kwenye stuli. Nilikaa kama tunavyokaa kwenye mkeka, mguu wa kushoto nimeukunja, goti la kulia nimelisimamisha, nikainamia sinia. Maganda ya nyaya zako yanashukia ubavu wa kulia. Goti likayabana pale, yakapata kona kali. Mota ililegeza, lakini kule vidoleni hakukufika kitu. Kompyuta yako ilidhani imeachia. Haikujua kuwa mtu anayekula ana goti.

Tiba ni hii. Kiboksi kihame kiunoni, kiende mgongoni katikati, nyaya zipite nyuma ya bega ambako hakuna goti. Na vidole vitiwe springi upande wa juu, ndogo, zile za kurudishia breki, nimekufungia sita humu. Breki unaiona inavyoshika, lakini kama haina springi ya kuiachia utasukuma baiskeli mpaka nyumbani.

Nilitaka kukaa na Yasini. Hicho ndicho nilichokitaka tangu mwanzo. Sikujua namna ya kukiandika kwa sababu kilikuwa kidogo sana kukiombea roboti.

Nakusubiri, Ramadhani haijaisha.

Mumeo, pamoja na yote,
Uweso

*

Arusha, 18 Machi 2025

Mume wangu mpendwa,

Shikamoo. Imekamilika, na Rahimu anaondoka alfajiri, kwa hiyo naandika mbio.

Mimi na Devota tumetandika mkeka chini chumbani kwetu, tukasimamisha magoti, tukala wali kwa siku nne mfululizo nikiwa nimevaa glavu yako na nyaya zimeunganishwa na kompyuta kubwa. Uliyosema ni kweli. Goti likisimama, zaidi ya nusu ya nguvu inapotea ubavuni. Mwalimu Castory alikuja kuangalia, tukamkalisha chini na yeye, suruali yake ikapata mchuzi. Anasema miezi yote tumekuwa tukipima mkono kana kwamba hauna mwili.

Niliyoyafanya nayasema kwa sauti. Kiboksi kimehamia mgongoni. Springi zako sita nimezitia, gumba likapata mbili. Waya wa gumba nimeufupisha milimita nne, zilezile nne. Tena nimeweka kihisi kidogo kwenye kila pete kinachopima mvuto unaofika kidoleni, ili kompyuta isikisie tena kutoka kiunoni kilichotokea kule mwisho. Vidole vikigusa kitu laini vinasimama. Ukibonyeza kuachia na vidole havijaachia, inajua, na inalegeza zaidi.

Nati ya kukazia ipo palepale. Ukiizungusha, niandikie.

Mkeo mdogo,
Najat

*

Ngamiani, 28 Machi 2025

Mke wangu mdogo,

Nimeizungusha nati nusu mzunguko, kuilegeza. Nimeshasema.

Sikwenda barazani mara moja. Siku ya kwanza nilimwambia bibi yako atandike mkeka ukumbini, afungue mlango, tule pamoja. Alikaa akawa anautazama ukuta ili asinitazame. Nikamwambia, Kijakazi, geuka. Tonge la kwanza lilimwagika nusu kifuani. La pili lilifika. La tatu lilifika. Bibi yako alikuwa amesahau kula, uji wake ukapoa. Tulifanya hivyo siku tano. Siku ya sita Yasini akapita dirishani akagonga tu akaenda zake. Nikavuka njia.

Watu wale ni wastaarabu. Hakuna aliyetazama mkono wangu, na kila mtu aliuona. Niliposimamisha goti nilingoja lile balaa, halikuja. Nikala mhogo, nikala samaki. Polepole, wenzangu walikuwa wanamaliza na mimi bado niko katikati, lakini nikala. Yasini kila mara ananisogezea kinofu cha samaki upande wangu wa sinia, anavyofanyiwa mgeni au mgonjwa. Nikakila cha kwanza. Nikakila cha pili. Alipoleta cha tatu sikukigusa, kwa sababu mimi na Yasini tumegombania vinofu kwenye sinia moja tangu hatujaoa.

Basi nikaingiza vidole kwenye samaki nikabonyeza swichi. Nikachukua kinofu kizuri kutoka upande wangu. Nikanyoosha mkono juu ya sinia mpaka upande wake, mkono wa kulia. Nikabonyeza tena. Vidole vikaachia. Kinofu kikakaa mbele ya Yasini.

Yasini akakila. Akatafuna, akaacha kutafuna, akatoa kitu mdomoni akakiinua kwenye taa watu wote wakione. Akasema, "Uweso, wewe tangu ujana wako hujui kutoa miba. Leo unataka kuniua ndani ya mwezi mtukufu." Mwingine akasema hata harusini kwa Badru nilimgawia mtu miba mitupu. Wakanisema hivyo mpaka adhana ya isha, wala hakuna aliyenionea huruma.

Nimerudi nyumbani, bibi yako akaniona machoni akaniuliza kwa hofu, kumetokea nini huko, mbona unalia?

Nikamwambia, Yasini kanisema mbele ya watu.

Mumeo,
Uweso